Hesabu Iliyolipwa na Mkorosho

Masasi iliwahi kuwa na reli. Ilianzia Mtwara, kwenye bandari ya kina kirefu iliyofunguliwa mwaka 1954, ikaenda hadi Nachingwea, na kabla miaka ya 1950 haijaisha tawi lake likafika Masasi. Mwaka 1962, Tanganyika ikiwa bado changa katika uhuru wake, reli hiyo ilifungwa kwa sababu mzigo haukutosha kulipia hata uendeshaji wake, na vyuma vyake vikang'olewa. Ukiitazama peke yake unaweza kudhani ilikuwa bahati mbaya tu ya mradi mmoja. Lakini iweke ndani ya historia ndefu ya uchumi wa Masasi na Newala, utaona ni mwanzo wa jambo lililojirudia chini ya serikali za kila aina, ya mkoloni na ya wananchi, ya kijamaa na ya vyama vingi. Kila mara serikali ilipochukua fedha za umma na kuingia yenyewe katika kilimo na biashara ya watu wa huku, hesabu ya mwisho aliilipa mkulima. Na kila iliposhika kazi chache ambazo mtu mmojammoja haziwezi, ikaacha nyingine kwa wenyewe, mkulima alizalisha. Hoja ya kuibana serikali matumizi na shughuli zake imezoeleka kusikika kama hoja ya matajiri wa Ulaya na Marekani wasiotaka kulipa kodi. Huku kusini mwa Tanzania ni hoja ya mtu mwenye ekari tatu za mikorosho.

Reli ile ilijengwa kwa ajili ya karanga. Mwaka 1946 Frank Samuel, mkurugenzi wa kampuni ya United Africa, aliishawishi serikali ya Uingereza kwamba uhaba wa mafuta ya kula baada ya vita ungeweza kumalizwa kwa kulima karanga Afrika Mashariki kwa mashine. Ujumbe ulioongozwa na John Wakefield ulipita nchini kwa haraka, ukarudi na mpango wa ekari zaidi ya milioni tatu kwa gharama ya paundi milioni 25, na sehemu kubwa ya mashamba hayo ikapangwa Jimbo la Kusini. Waziri wa Chakula, John Strachey, aliubeba mradi huo bungeni London kama sifa ya serikali yake, na mwaka 1948 likaundwa shirika la umma la kuusimamia. Matrekta yaliyochakaa yaliletwa kutoka maghala ya kijeshi, hata vifaru vya Sherman vikageuzwa kuwa matrekta. Huko Kongwa, katikati ya nchi, udongo wa mfinyanzi uligeuka jiwe kila mvua zilipokatika, na mvua zenyewe hazikufuata hesabu za wataalamu. Nachingwea vichaka viligoma, na bandari na reli zilikuwa bado zinajengwa wakati ambapo mavuno ya kupakia yalikwisha kuahidiwa. Januari 1951 serikali ya Uingereza iliuzika mradi na kufuta hasara ya karibu paundi milioni 36.

Wanaoisimulia habari hii huishia kuwacheka Waingereza kwa kutojua udongo wa Afrika. Mimi naona kisa kina uzito zaidi ya hapo. Wakulima wa Masasi na Nachingwea walikuwa wakilima karanga zao kwa jembe la mkono muda wote huo, na walijua bonde lipi linashika maji na tambarare ipi inakauka mapema. Ujuzi huo haukuwa siri. Ulikuwa umetawanyika katika vichwa vya maelfu ya watu, na hakuna ofisi iliyoweza kuukusanya kwenye faili moja. Mchumi Friedrich Hayek alikuwa ameandika makala juu ya jambo hilohilo mwaka 1945, mwaka mmoja kabla Samuel hajapeleka pendekezo lake: kwamba ujuzi unaoendesha uchumi umegawanyika miongoni mwa watu wengi, na bei za sokoni ndizo zinazowawezesha kupatana bila mtu mmoja kuwaamuru wote. Kuna pia sababu nyepesi kuliko hiyo. Mfanyabiashara anayeng'oa visiki kwa fedha yake mwenyewe, akivunja jembe la ishirini, husimama akajiuliza. Shirika linalong'oa visiki kwa fedha ya walipa kodi walio umbali wa maili elfu kadhaa lina kila sababu ya kuomba bajeti ya nyongeza, kwa kuwa kusimama ni kukiri mbele ya bunge, na kuendelea kunalipwa na mtu mwingine.

Wakati fedha zote hizo zikizama Nachingwea, juu ya Nyanda za Makonde kulikuwa na zao lililokua bila shirika wala mkopo wa mamilioni. Mkorosho uliletwa pwani ya Afrika na Wareno karne nyingi zilizopita, lakini ulisambaa kwa nguvu Newala na Masasi katikati ya karne ya 20, kwa mikono ya wakulima wenyewe. Mmakonde alifyeka shamba, akapanda muhogo na mahindi, akachomeka mbegu za korosho katikati. Baada ya miaka michache ardhi ilipochoka na yeye kuhamia kipande kingine, nyuma yake alikuwa ameacha shamba la mikorosho. Mkorosho haukuhitaji mbolea, ulivumilia mchanga wa nyanda za juu, na wanunuzi walikuwepo, hasa wafanyabiashara wa Kihindi waliojua viwanda vya Kerala vinataka nini. Kutoka tani elfu chache baada ya Vita Kuu ya Pili, mavuno ya nchi yalipanda hadi tani 145,000 katika msimu wa 1973/74. Tanzania ikawa miongoni mwa wazalishaji wakubwa kabisa duniani, na mzalishaji huyo alikuwa familia yenye jembe, panga na kikapu.

Kisha serikali ikaingia kwa nia njema. Nalisema hilo nikimaanisha, kwa kuwa waliolipanga Azimio la Arusha la mwaka 1967 hawakuwa wezi, na shauku yao ya kumtoa mkulima mikononi mwa mlanguzi ilikuwa ya kweli. Biashara ya korosho ilikuwa tayari imewekwa chini ya bodi moja na vyama vya ushirika katika miaka ya 1960. Miaka ya 1970 ikaundwa Mamlaka ya Korosho Tanzania, CATA, na mwaka 1976 vyama vikuu vya ushirika vikavunjwa, mkulima akabaki na mnunuzi mmoja tu, naye ni serikali. Sambamba na hilo ilikuja Operesheni Vijiji. Mkoa wa Mtwara ulianza mapema kuliko mikoa mingi, kwa kuwa vita vya ukombozi vya Msumbiji vilikuwa vikipiganwa ng'ambo ya Ruvuma na watu wa mpakani walihitaji ulinzi. Novemba 1973 Mwalimu Nyerere alitangaza kwamba kuishi vijijini ni amri, na watu waliokuwa wameishi wametawanyika kati ya mikorosho yao wakakusanywa kando ya barabara.

Inafaa kutazama kwa karibu maana ya amri hiyo kwa mti. Korosho haichumwi juu. Bibo likiiva huanguka pamoja na korosho yake, na mkulima hupita chini ya mti akiokota, akiitenga korosho na bibo, akaianika. Kwa hiyo ardhi chini ya mkorosho lazima iwe imefyekwa na kusafishwa kabla ya Oktoba, la sivyo korosho hupotea majanini, na moto wa kiangazi ukipita huondoka na mti na mavuno. Kazi hiyo hufanyika vizuri na mtu anayeamka akaiona mikorosho yake mlangoni. Aliyehamishiwa kijiji kilicho mwendo wa saa mbili au tatu alilazimika kuchagua: aende kupalilia mikorosho ya zamani, au alime muhogo wa kula karibu na nyumba mpya. Wengi walichagua chakula, na mashamba yaliyopandwa kwa miaka ishirini yakafunikwa na vichaka. Hakuna ofisa aliyeiingiza hasara hiyo kwenye hesabu za operesheni, kwa sababu mti wa mkulima haukuwa kwenye vitabu vya serikali.

Hata aliyebaki karibu na miti yake alikuwa na sababu ya kuipa kisogo. Mnunuzi akiwa mmoja, bei ni yake. Mamlaka ililazimika kulipa mishahara ya makao makuu, magari, maghala, riba ya benki na ushuru wa serikali, na vyote vilitoka kwenye kilo ileile moja ya korosho kabla mkulima hajapata chake. Sehemu ya bei ya dunia iliyomfikia mkulima ikapungua mwaka hadi mwaka katika muongo huo, na ilipomfikia ilikuwa imechelewa na shilingi imepungua thamani. Mwanauchumi Peter Bauer, mzaliwa wa Budapest aliyefundisha London, alikwisha kuyaeleza haya katika kitabu chake cha mwaka 1954 kuhusu biashara ya Afrika Magharibi: bodi za mazao zilizoundwa kumkinga mkulima wa kakao dhidi ya kuyumba kwa bei ziligeuka kuwa njia ya kumtoza kodi kubwa kuliko mwananchi mwingine yeyote, bila kuiita kodi. Onyo hilo lilikuwa limechapishwa na kusomwa miaka 20 kabla ya CATA. Newala likatimia neno kwa neno.

Kilele cha yote ni viwanda. Katika miaka ya 1970 na mwanzoni mwa miaka ya 1980, kwa mikopo ambayo Benki ya Dunia ilihusika nayo sana na kwa mitambo ya Italia na Japani, serikali ilijenga viwanda zaidi ya kumi vya kubangua korosho, Newala, Masasi, Mtwara na kwingineko, vyenye uwezo wa zaidi ya tani 100,000 kwa mwaka. Kwenye karatasi hoja haikuwa na doa: kwa nini tuwapelekee Wahindi korosho ghafi wabangue wao na kubaki na faida? Lakini mavuno yalikuwa yanaporomoka wakati zege linamwagwa. Mwaka 1986/87 nchi nzima ilivuna takriban tani 16,500. Korosho zote za Tanzania, hadi ya mwisho, zisingejaza hata sehemu ya sita ya uwezo wa viwanda hivyo. Vilifungwa kimoja baada ya kingine, vingine vikaishia kuwa maghala, na mkopo ukabaki wa kulipwa na taifa. Fedha za kuvijenga zilikuwepo na bei nzuri kwa mkulima haikuwepo, ingawa bila mkulima kiwanda ni kuta tupu. Huo ndio udhaifu mkubwa wa fedha za umma katika biashara: hukimbilia kinachoonekana na kuzinduliwa, na palizi ya mkulima haizinduliwi na mtu.

Nitapita kwa haraka kwenye maji, ingawa yanastahili makala yake. Nyanda za Makonde hazina mito juu, na mchanga wake hunywa mvua yote, hivyo wanawake walikuwa wakishuka mabonde kwa saa nyingi kufuata maji. Mradi wa kusukuma maji juu ulioanza kabla ya uhuru uliuza maji kwa ndoo, na watu walinunua kwa sababu ndoo ya kulipia ilikuwa nafuu kuliko safari ya bondeni. Mwaka 1971 serikali ilitangaza mpango wa miaka 20 wa kumfikishia kila mwananchi wa kijijini maji safi karibu na nyumba yake, tena bure, na Finland ikasaidia Mtwara na Lindi tangu mwaka 1972. Lakini pampu haijui siasa, inataka dizeli na vipuri. Maji yalipokosa bei yalikosa pia fedha ya kuyaendesha, na miradi mingi nchini ikasimama. Mwaka 1991, mwaka uleule ambao kila kijiji kilipaswa kuwa na maji ya bure, Sera mpya ya Maji ilianza kuwataka watumiaji wachangie.

Nikirudi kwenye korosho, wapo watakaosema naitwisha serikali mzigo usio wake. Kulikuwa na ugonjwa wa ubwiriunga, ule unga mweupe unaokausha maua ya mkorosho kabla hayajashika. Kulikuwa na kupanda kwa bei ya mafuta duniani, na vita vya Kagera vya 1978 na 1979. Yote ni kweli. Lakini tufuate tarehe. Ubwiriunga ulianza kutambuliwa nchini mwishoni mwa miaka ya 1970, wakati mavuno yalikuwa yameshuka chini ya nusu ya yale ya 1973/74. Ugonjwa uliukuta mgonjwa kitandani. Tena mikorosho isiyopaliliwa, iliyosongamana na vichaka, ndiyo iliyoupa ukungu ule makao. Mkulima ambaye kilo yake inampa senti haoni sababu ya kununua salfa ya kuudhibiti. Na Mwalimu mwenyewe, akikaribia kung'atuka, alisema waziwazi mwaka 1984 kwamba angeanza upya asingevunja serikali za mitaa wala vyama vya ushirika. Inahitaji moyo mkubwa kwa kiongozi kusema hivyo, na wanaomtetea leo kuliko alivyojitetea mwenyewe wangefaa kumsikiliza.

Mageuzi yalikuja polepole baada ya makubaliano na Shirika la Fedha la Kimataifa mwaka 1986, na katika msimu wa 1991/92 wanunuzi binafsi wakaruhusiwa kuingia vijijini. Aliyeyasukuma mbele zaidi alikuwa mtoto wa hukuhuku, Benjamin Mkapa, mzaliwa wa Lupaso wilayani Masasi, Rais tangu 1995 hadi 2005. Korosho zilirudi. Msimu wa 1999/2000 mavuno yalifika karibu tani 120,000, zaidi ya mara saba ya yale ya 1986/87, na sehemu kubwa ya miti ilikuwa ileile. Tukiri kwamba soko halikufanya kazi hiyo peke yake. Kituo cha utafiti cha Naliendele, nje kidogo ya mji wa Mtwara, ndicho kilichofanyia kazi matumizi ya salfa dhidi ya ubwiriunga na kuzalisha miche bora, na hakuna mkulima wa ekari tatu anayeweza kuwa na maabara. Mwaka 2003 likafunguliwa Daraja la Mkapa juu ya Rufiji, mita 970, mahali ambapo magari yalikuwa yakisubiri kivuko na msimu wa mvua kusini kukatengana na sehemu nyingine za nchi. Utafiti na daraja vilikuwa fedha za umma, na sioni aibu kuvisifu. Serikali iliyoacha kununua korosho ilipata nafasi ya kujenga kile ambacho mnunuzi wa korosho asingejenga kamwe.

Pingamizi zito kuliko yote liko ng'ambo ya Ruvuma. Msumbiji, kwa shinikizo la Benki ya Dunia katikati ya miaka ya 1990, ilipunguza ushuru wa kuuza nje korosho ghafi. Viwanda vya kubangua vikafungwa, maelfu ya wafanyakazi, wengi wao wanawake, wakapoteza kazi, na faida iliyomfikia mkulima ikawa ndogo mno. Wachumi waliolichunguza jambo hilo walionyesha kwamba sehemu kubwa ya nafuu iliishia kwa wafanyabiashara wa kati. Hapa nyumbani nako, kubana matumizi kulileta ada za shule, na watoto wa maskini wakabaki nyumbani, hadi serikali ya Mkapa huyohuyo ilipofuta ada ya shule za msingi mwanzoni mwa miaka ya 2000 na madarasa yakafurika. Sitayakwepa haya. La Msumbiji linafundisha kwamba soko lenye wanunuzi wawili watatu waliopatana ni ukiritimba mwingine, na kazi halali ya serikali ni kuongeza wanunuzi na kuwafikisha mahakamani wanaopanga bei. Kuhusu shule, naomba msomaji aulize kwa nini serikali haikuwa na fedha za chaki na madawati mwaka 1986. Haikuwa imezitumia kwa watoto. Ilikuwa imezifunga kwenye mashirika mamia kadhaa ya umma yaliyouza kila kitu kuanzia korosho hadi nyama, mengi yakila ruzuku. Upana wa serikali ndio uliolinyima darasa fedha, na darasa ndilo lililopaswa kuzipata kabla ya vyote.

Sura ya karibuni ni chungu zaidi, maana tulikuwa tumekwisha kujua. Mwaka 2007 ulianzishwa mfumo wa stakabadhi ghalani: mkulima anapeleka korosho kwenye chama chake cha msingi, zinapimwa, zinakwenda ghala kuu, na wanunuzi wanashindana kwa mnada chini ya vyama vikuu, TANECU kwa Newala na Tandahimba, MAMCU kwa Masasi na Mtwara. Una kasoro zake. Ni wa lazima, na karatasi ya malipo ya mkulima ina msururu wa makato ya chama cha msingi, chama kikuu, ghala, usafirishaji na ushuru wa halmashauri. Hata hivyo mnada wa wazi uliwaleta wanunuzi wengi mahali pamoja, na msimu wa 2017/18, bei ya dunia ikiwa juu, mkulima aliuza kilo hadi karibu shilingi 4,000 na nchi ikavuna tani zaidi ya 313,000. Kulikuwa pia na ushuru wa kuuza nje korosho ghafi, ambao asilimia 65 yake ilirudi kwenye zao lenyewe kununua salfa, miche na utafiti. Juni 2018, licha ya wabunge wa kusini kupinga kwa hoja na kwa uchungu, sheria ilibadilishwa na fedha yote ikaelekezwa Mfuko Mkuu wa Serikali, mahali ambapo kila mradi wa taifa unachota.

Miezi minne baadaye bei ya dunia ilikuwa imeshuka. Wakulima wa Newala na Tandahimba walikataa bei za minada ya kwanza, nao walikuwa na haki ya kukataa. Tarehe 12 Novemba 2018 Rais John Magufuli alitangaza kwamba serikali itanunua korosho zote kwa shilingi 3,300 kwa kilo, jeshi litazisomba, na Benki ya Maendeleo ya Kilimo italipa. Siku hiyo vijijini watu walishangilia, na ningekuwa mkulima wa Newala ningeshangilia nao. Kilichofuata kilikuwa CATA iliyofufuka. Uhakiki wa nani ana shamba na nani hana ulichukua wiki na miezi, wenye kilo nyingi wakitiliwa shaka hadi waonyeshe mikorosho yao. Korosho zilizopangwa daraja la pili zililipwa chini ya bei iliyotangazwa. Januari 2019 serikali ilisaini mkataba wa kuuza tani 100,000 kwa kampuni moja ya Kenya, na kufikia Mei mkataba huo ulikuwa umekufa bila korosho kununuliwa. Maghala yalijaa, korosho zikikaa zinapungua ubora, na msimu uliofuata ulipofunguliwa kulikuwa bado na wakulima wanaodai fedha za msimu uliopita. Bila fedha hakuna salfa, na salfa iliyonunuliwa kwa ule ushuru ilikuwa imekwenda nao. Mavuno ya 2020/21 yalikuwa karibu tani 210,000, theluthi moja chini ya yale ya miaka mitatu kabla.

Watetezi wa uamuzi ule wanauliza: je, serikali ingekaa kimya wafanyabiashara wakimnyonya mkulima? Hutaja kangomba, ule ununuzi wa vichochoroni ambapo mtu mwenye fedha humkopesha mkulima wakati wa njaa na kulipwa kwa korosho msimu ukifika, kwa kipimo anachokijua yeye. Kangomba ni dhuluma, lakini tutazame chimbuko lake. Mkulima anauza korosho zikiwa bado maua kwa sababu Aprili ana mtoto anayetakiwa shule na chama kitamlipa Desemba, au Februari, au haijulikani lini. Kila mwezi ambao malipo rasmi yanachelewa ni mwezi wa mavuno kwa mwenye kangomba, na mwaka 2018/19 ulimpa miezi mingi kuliko wakati wowote. Dawa yake ni malipo ya haraka, mizani inayokaguliwa, mikopo midogo yenye ushindani na wanunuzi wengi zaidi. Vyote hivyo pamoja vinagharimu sehemu ndogo ya mamia ya mabilioni yaliyohitajika kununua zao zima la nchi.

Tangu 2021 serikali imeanza tena kuwapelekea wakulima viuatilifu na pembejeo kwa ruzuku inayotokana na zao lenyewe, minada ilikwisha kurudi mikononi mwa wanunuzi wanaoshindana, na msimu wa 2024/25 ulitoa zaidi ya tani 500,000, mavuno makubwa kuliko yote katika historia ya nchi hadi wakati huo. Kuna watakaoiita ruzuku hiyo ushindi wa matumizi ya serikali. Mimi naihesabu tofauti: ushuru ule ulitoka kwenye korosho ya mkulima, na salfa inayorudi ni fedha yake mwenyewe inayomfikia baada ya kupita Dodoma. Ingekuwa bora zaidi kama ushuru ungepunguzwa na mkulima akanunua salfa anayoitaka kwa wakati anaoutaka. Lakini kati ya fedha yake kurudi shambani na fedha yake kupotelea kwenye mfuko mkuu, ya kwanza ni afadhali mara kumi.

Sasa yanazungumzwa tena mambo makubwa ya kusini: kongani za viwanda vya kubangua, reli ya kutoka Mtwara, ahadi kwamba siku moja korosho ghafi hazitavuka bahari kabisa. Huenda baadhi yake ni mazuri. Wabunge wa Masasi, Newala na Tandahimba, na madiwani wanaokaa kwenye vikao vya halmashauri, nawasihi kabla ya kupiga makofi mtake majibu ya maswali matatu kwa maandishi: nani ataweka fedha yake mwenyewe hapo, nani atalipa mradi ukifa, na ni shilingi ngapi zitakatwa kwenye kilo ya mkulima kabla haujafa.